Morecambe si mji wa kusifika, lakini ufukwe wake ni wa wote

Waingereza wengi ukiwatajia Morecambe watakuuliza umefuata nini huko. Ni mji wa pwani wa kaskazini-magharibi ambao enzi zake zimepita. Zamani wafanyakazi wa viwanda vya Bradford na Leeds walimiminika huko kwa treni kila kiangazi, hadi ndege za bei nafuu za kwenda Hispania zilipowachukua. Magati yake mawili ya starehe hayapo tena: moja liliharibiwa na dhoruba mwaka 1977, jingine likavunjwa 1992. Kuna Hoteli ya Midland, jengo jeupe la mwaka 1933, basi. Siku niliyokwenda maduka mengi yalikuwa yamefungwa na upepo ulikuwa wa kukata masikio.

Hata hivyo nilirudi Leeds na wivu, mimi mtoto wa Tanga.

Wivu wenyewe ni wa mabenchi. Kilomita kwa kilomita, mbele ya bahari pana njia ya miguu iliyo wazi. Hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda kwa nani. Mabenchi yamepangwa njia nzima na vyoo vya umma vipo. Mzee wa mkongojo, mama na kigari cha mtoto, kijana asiye na senti mfukoni, wote wanaitazama bahari ileile anayoitazama mgeni wa Midland. Nilikaa karibu na bibi mmoja mwenye chupa yake ya chai. Akaninyooshea kidole ng'ambo ya ghuba, akaniambia nina bahati, leo milima ya Lake District inaonekana. Hatukuongea zaidi ya hapo. Kwetu angekuwa ameshaujua ukoo wangu, na chai ningekuwa nimeshaimaliza. Hilo la ukimya, miaka yote niliyoishi huku, sijalizoea.

Na bahari yao ni kali. Maji yakipwa huenda mbali hadi usiyaone, na yakijaa hurudi kwa kasi ya kutisha. Usiku mmoja wa Februari 2004 wahamiaji wa Kichina zaidi ya 20 walizama hapo wakichimbua kombe kwa ujira mdogo. Sisi tuliokulia pwani tunafundishwa saa za maji tungali wadogo. Wale hawakuwa na wa kuwaambia. Niliwasomea dua nikiwa nimesimama palepale, maana mhamiaji hachagui kazi.

Mwaka huohuo wa 2004 Tanzania ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria nzuri. Lakini tembea mwambao wetu uone kuta zilivyoshuka hadi kwenye mchanga. Raskazone, kwetu Tanga, ukitaka pa kuogelea penye huduma, toa kiingilio. Dar es Salaam, Coco Beach imebaki ya wananchi, na Jumapili hapapatikani pa kukanyaga, watu na mihogo yao ya kukaanga. Wanaojaa pale ni ushahidi tosha kwamba watu wanaitaka bahari yao.

Najibiwa kwamba hoteli zinaleta ajira na kodi. Sipingi. Midland nayo ni hoteli, na gati la mawe lililo ubavuni mwake anapita yeyote.

Mabenchi mengi ya huku yana kibao kidogo: jina la marehemu, miaka yake, na maneno kwamba alipapenda hapa. Familia ndiyo iliyolipia. Kwetu hiyo ni sadaka jariya kabisa, ile ambayo thawabu zake zinaendelea kumfikia marehemu. Tunawachimbia wazazi wetu visima, tunatoa misahafu misikitini. Na benchi lenye kivuli ufukweni, kila atakayepumzika atamwombea marehemu. Mimi na ndugu zangu tumeanza kuchangishana kwa ajili ya marehemu baba, ambaye jioni alikuwa akienda hadi Raskazone na kusimama tu, kwa kuwa pa kukaa bure hapakuwepo. Tunataka liwekwe chini ya mti wa mkungu, likitazama maji. Kaka mkubwa ndiye atakayepeleka barua Halmashauri ya Jiji, na humo tumeomba jambo la pili: choo cha umma, tena chenye maji.