Ekzosi Iliyofunguliwa: Nguvu Kidogo, Kelele Nyingi

Usiku baada ya sala ya isha, katika Barabara ya Lamu mjini Malindi, hupita gari dogo ambalo sauti yake husikika kabla lenyewe halijaonekana. Mwenye gari husema ameifungua ekzosi, yaani amelipanua bomba la kutolea moshi na kuondoa sailensa inayopunguza sauti, ili injini ipumue. Wakaazi husema wanasumbuliwa. Madai yote mawili yana ukweli, ila hayalingani uzito.

Moshi hautoki kwenye injini mfululizo kama maji ya mfereji. Hutoka kwa vishindo, kimoja kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, na kishindo kikipita upesi katika bomba lenye upana unaofaa, huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kufyonza mabaki ya moshi yaliyomo ndani ya silinda, hewa mpya ikapata nafasi. Ndiyo maana si kweli kwamba kila bomba linavyozidi kuwa pana ndivyo gari linavyopata nguvu. Likipita kiasi, moshi hupunguza kasi, mvuto hupotea, na gari huwa zito kuondoka, yaani hudhoofika katika mizunguko ya chini ya injini, ambayo dereva wa mjini huitegemea zaidi.

Kwa gari lenye tabo (turbo), yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hoja ya mwenye gari ina nguvu na ni haki kuikubali. Tabo huzungushwa na moshi wenyewe, kwa hiyo shinikizo la moshi baada ya kuipita likipungua, huamka mapema na kusukuma hewa zaidi, hasa kompyuta ya injini ikirekebishwa sambamba. Lakini Toyota Probox na Vitz za kawaida hazina tabo. Kwa injini hizo ndogo, kubadilisha sehemu ya nyuma peke yake huongeza nguvu chache mno, tena karibu na kilele cha mizunguko, ambacho mtu anayetii kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini hakifikii mara nyingi.

Kelele, kwa upande wake, hupatikana papo hapo. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 10, nishati yake huwa imezidi mara 10, na sikio huihisi kama imekuwa maradufu. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinamlinda mkaazi wa Kenya, lakini mtoto mchanga aliyeshtuka usingizini hatulizwi na kanuni. Hata dereva hasalimiki: safari ya Mombasa, takriban kilomita 120, huwa ndefu mno mvumo mzito ukimganda masikioni. Kibaya zaidi ni kung'oa katalisti, kifaa kinachogeuza gesi ya sumu ya kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi; hapo jirani hupoteza usingizi na hewa safi pamoja.

Ipo sababu moja ya kubadilisha ekzosi ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, nayo ni kutu. Upepo wa chumvi wa pwani yetu hula bomba la chuma cha kawaida hadi likatoboka. Afikaye gereji kwa shida hiyo na amwombe fundi bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye upana uleule wa awali, katalisti ibaki mahali pake, na sailensa iwe nzima.