Aliyekuwa Kambini na Aliyeandika Faili

Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, Kenya. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Kila ninapomsikia msomi akisema kwamba vitabu vya waliozuiliwa enzi za Mau Mau ni masimulizi tu, na kwamba ushahidi uko kwenye nyaraka, huyakumbuka maji hayo. Nayo yaliandikwa.

Hata hivyo hoja ya wasomi hao ina uzito. J.M. Kariuki, aliyezungushwa kambi 14 kati ya 1953 na 1960, alitoa kitabu chake mwaka 1963, akiwa tayari ameingia katika siasa. Mtu wa namna hiyo huchagua la kusema. Tena alikuwa mwanamume msomi. Akina mama waliofungiwa katika gereza la Kamiti hawakuwa na mchapishaji. Na wale waliopoteza jamaa zao katika eneo la Lari, Machi 1953, Mau Mau walipochoma nyumba watu wakiwa ndani, wana haki ya kuuliza machungu yao yamo kitabu gani.

Shajara ina nguvu zaidi hapo. Gakaara wa Wanjau, aliyekamatwa 1952, aliandika na kuficha maandishi yake humo humo kizuizini, akayachapisha kwa Kigikuyu 1983. Kilichoandikwa siku za tukio hakijapata muda wa kunyooshwa na kumbukumbu.

Ugomvi mkubwa ulikuja 2005, mwanahistoria Caroline Elkins alipotoa utafiti uliojengwa kwa sehemu kubwa juu ya masimulizi ya wazee. Alikisia kwamba huenda waliokufa ni mamia ya maelfu. Mwaka 2007 John Blacker, mtaalamu wa takwimu za watu, alikadiria vifo kama 50,000. Katika hili naona wakosoaji wana haki: anayepigwa akiwa amelala chini hawezi kuhesabu waliokufa kambi ya pili.

Lakini alichotendwa yeye anakijua. Wazee watano walifungua kesi London mwaka 2009, wakiidai serikali ya Uingereza fidia ya mateso ya kambini, na miaka miwili baadaye Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park, jengo lake la serikali huko Uingereza, mafaili yaliyotolewa katika makoloni, ya Kenya yakiwemo. Mengine yalikwisha kuchomwa zamani. Yaliyosalia yalionyesha kuwa vipigo vilijulikana hadi ngazi za juu. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana mwaka 1957 kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Wazee walikuwa wameyasema hayo tangu mwanzo. Wakaambiwa wangoje karatasi, na karatasi zilikuwa kabatini mwa anayewadai ushahidi! Hilo linaniuma kuliko hitilafu yoyote ya hesabu.

Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Mmoja wa waliofungua kesi, Wambugu Nyingi, alikuwa Hola siku ile ya Machi. Alipigwa hadi akazimia, akatupwa pamoja na maiti wale 11, akazinduka akiwa kati yao.