Acheni kuyachemsha mapaja ya kuku

Jumapili nilialikwa kula kwa ndugu, na kwa heshima ya mkono ulionilisha sitasema ni kwa nani. Niliwahi, nikakaa jikoni kupiga soga, nikashuhudia maovu. Mapaja ya kuku wa kisasa, manono, ngozi yake safi, yakatumbukizwa kwenye sufuria ya maji yakachemka hadi nyama ikaanza kuachia mfupa. Kisha supu yote, na mafuta yake yote, chwaa! kwenye sinki. Yaliyobaki yakakaangwa mpaka yakawa kama katani, halafu yakanyunyiziwa viungo vya pakiti "ili yapate ladha". Ladha ipi tena, dada yangu, wakati umeshaimwaga?

Najua tabia hii ilikotoka. Tumelelewa na kuku wa kienyeji, jogoo aliyefukuzana na majirani mwaka mzima. Huyo usipomchemsha utaacha jino mezani, haya, nakubali. Lakini kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Hajawahi kukimbia popote. Unamlainisha nini?

"Tunaogopa damu." Jamani, ule wekundu karibu na mfupa mara nyingi si ubichi. Mifupa ya kuku mchanga haijakomaa, rangi ya uboho hupenya hadi kwenye nyama, hasa kama aligandishwa. Kuku akifika nyuzi joto 74 katikati ya nyama, analika salama. Na paja halikomei hapo: likisogea 80 na kitu, ile mishipa inayokera meno inayeyuka na kuwa utelezi mtamu. Kidari ukikifikisha huko umekiharibu. Paja ndiyo kwanza linanoga. (Wale wa mazoezi na vidari vyao vya kuchemsha visivyo na chumvi, hao tuwaombee tu.)

Fanya hivi. Jana yake usiku pakaza chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, weka kwenye friji bila kufunika ili ngozi ikauke. Ndimu iache kwanza. Ikikaa usiku kucha inaiharibu nyama juu juu. Kesho yake weka mapaja kwenye kikaango kikiwa bado baridi, ngozi chini, washa moto mdogo, kisha ondoa mikono. Usiyageuze kila dakika kama una deni nayo. Mafuta yatatoka yenyewe, ngozi itakauka na kuwa ya dhahabu. Geuza, malizia upande wa pili, epua.

Usioshe kikaango! Hayo mafuta ndiyo mali. Kaangia humo kitunguu maji, bizari, nyanya moja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, mimina tui jepesi, rudisha mapaja ngozi ikiwa juu, mchuzi usiifikie. Yakiiva sawasawa, tui zito kidogo pembeni, basi.

Mwenye mkaa atanishinda, sibishani naye. Kuku wa kupaka wa Mombasa ninayemheshimu ni yule aliyepita kwenye jiko la mkaa kwanza, akaungua ungua kidogo pembeni, ndipo akapakwa rojo la nazi. Ule moshi ndani ya tui hakuna pakiti itakayokuuzia.

Na kuosha kuku bombani hadi maji yanarukia vikombe vya chai, hilo nalo tuache. Mnasambaza vijidudu tu, moto ndio unaoviua.

Mtaniambia watu ni wengi, muda hakuna, gesi inapanda bei. Sawa, ukilisha ukoo mzima chemsha. Ila chemsha kwa maji kidogo, na hiyo supu pikia wali. Ukiimwaga tena mbele yangu, nitainuka na bakuli langu niikinge.