Chokaa au Saruji: Kuta za Baa Kongwe za Mbao Uingereza

Fleece Inn, katika kijiji cha Bretforton, Worcestershire, ilijengwa karne ya 15 kama nyumba ya mkulima, ikapata leseni ya kuuza bia mwaka 1848. Nguzo na boriti zake ni za mwaloni; katikati yake kuna miraba myeupe ya ukuta. Katika baa za aina hii, ubishi mkubwa unahusu hiyo miraba: ikibomoka, ijazwe udongo na chokaa kama zamani, au saruji?

Kiunzi, yaani hizo nguzo na boriti, ndicho kinachobeba jengo. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, ulimi wa boriti ukaingizwa kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi kikapigwa. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa likiwa limepishana kidogo na lile la nguzo, ili kigingi kikiingia kivute kiungo kikaze. Miraba ilisukwa fito juu ya vijiti vya mwaloni, ikakandikwa kwa udongo, mchanga, majani makavu na samadi, ikamaliziwa kwa plasta ya chokaa.

Wanaotetea saruji wana hoja za kweli. Plasta ya chokaa haipigwi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5 wala mbele ya jalidi, kila tabaka linasubiri lingine, na mafundi ni wachache. Baa iliyofungwa haiingizi pesa. Ukuta wa udongo wenyewe ni mwembamba, mara nyingi kama sentimita 10, na udongo ukikauka husinyaa ukaacha ufa kando ya mbao. Upepo wa Januari hupita hapo moja kwa moja. Aidha, wanasema, nyumba hizi zimebadilishwa tangu zamani, na Fleece yenyewe ni ushahidi.

Ila saruji inaua kiunzi. Mwaloni hutanuka na kusinyaa kila msimu. Saruji haiufuati, hivyo hupasuka pembeni. Mvua huingia kwenye ufa na haipati pa kutokea. Unyevu wa mbao ukizidi takriban asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu huanza kula, na bungua wapendao mwaloni uliolainishwa na kuvu hufuata. Boriti ya chini na miguu ya nguzo ndizo hutangulia kuoza, mara nyingi nyuma ya plasta inayoonekana nzima kabisa. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanakutana na maradhi hayohayo kwenye kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa saruji.

Kwa hiyo upande wa nje sioni nafasi ya saruji. Suala la baridi lakini linastahili jibu, na wahifadhi wengine hulipuuza isivyo haki. Mraba ambao udongo wake wa kale umekwisha kabisa unaweza kujazwa mbao za nyuzinyuzi zinazopitisha mvuke, juu yake plasta ya chokaa. Mraba ambao fito zake bado zimeshika uachwe, uzibwe nyufa tu. Kujaza povu la plastiki ni kurudia kosa la saruji.

Kazi yenyewe ianze kwa kubandua saruji kwa patasi ya mkono, kutoka katikati ya mraba kuelekea ukingoni, ili mbao zisichubuke. Mguu wa nguzo uchomwe kwa msumari mwembamba. Ukizama kwa urahisi, sehemu hiyo ikatwe na kuungwa kipande cha mshazari cha mwaloni mkavu, kwani mbichi utasinyaa na kuachia kiungo. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana asidi ya mwaloni hula chuma cha kawaida. Udongo ukandikwe na watu wawili, mmoja kila upande, ushikane katikati ya fito, na nyufa zizibwe kabla ya plasta. Plasta isitokeze nje ya uso wa mbao: ukingo wa milimita chache tu hukusanya maji ya mvua.

Na kabla ya yote hayo, kibali. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1990, kubadilisha sura ya jengo lililoorodheshwa, yaani lililowekwa kwenye orodha rasmi ya majengo ya kihistoria, bila idhini ni kosa la jinai.