Karatasi ya Njugu na Jina la Bill Finger

Jumapili iliyopita nilinunua njugu za shilingi 20 pale sokoni Kibuye, Kisumu. Nilipozimaliza nikakunjua karatasi: ukurasa wa hadithi ya picha ya zamani, Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, akichomwa mkuki kwenye kivuli chake. Kazi safi ya kalamu, hata nyasi zimechorwa kwa subira. Jina la mchoraji halipo. Nikarudi kwa muuzaji.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Kwa wale wa kuuza karatasi kwa kilo, mwanangu. Kwani ina nini?"

Ina mengi, na tangu siku hiyo sijatulia.

Shemeji yangu kila akija huniuliza kwa nini nakusanya fanzini za Marekani za miaka ya 1960, vijarida vya mashabiki vilivyofifia, badala ya katuni zenyewe. Nitamjibu hapa.

Batman, shujaa wa katuni za Marekani, alianza kutoka mwaka 1939, na kwa zaidi ya miaka 20 jina lililotambuliwa lilikuwa la mchoraji Bob Kane peke yake. Bill Finger ndiye aliyeandika hadithi ile ya kwanza, na ndiye aliyeshauri joho na kile kinyago chenye masikio. Nani alisema hivyo hadharani? Si kampuni. Ni Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu Detroit, shabiki tu, yule yule aliyeanzisha fanzini ya Alter Ego mwaka 1961. Mwaka 1965 alizungumza na Finger, akaandika makala fupi, akawasambazia mashabiki wenzake. Kane alikasirika, akaiandikia fanzini ya Batmania barua ndefu ya kukana. Finger alikufa mwaka 1974 bila kutambuliwa rasmi. Jina lake lilikuja kuandikwa kwenye filamu na televisheni kuanzia 2015. Miaka 50! Na muda wote huo ushahidi ulikuwa umelala kwenye karatasi za watu waliokataa kuzitupa.

Ndiyo maana nazitunza. Toleo la kwanza la Alter Ego lilitolewa kwa mashine ya kudurufu ya wino wa zambarau, ndugu wa zile zilizotutolea mitihani shuleni, na wino ule jua huula. Zangu zinakaa ndani ya sanduku la bati, juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Joto la ziwa sina la kulifanya.

Haya, nakubali: nyingi zimeshawekwa mtandaoni, na anayetaka kusoma tu hana haja ya kuagiza. Wanaozifungia kwenye plastiki ngumu zisifunguliwe tena, wakingoja bei ipande, hao sitawaelewa kamwe.

Lakini sisi je? Nani aliweka kumbukumbu ya nani alichora nini? Wachoraji wetu wa zamani wanazeeka, wengine wametangulia, na hatukuwa na Bails wa kuwauliza. Kama babu yako au jirani yako aliwahi kuchora gazetini, nakusihi, keti naye wiki hii. Andika majina na miaka hata kwenye daftari la shule.

Yule mama amekubali kuniwekea kila ukurasa wenye michoro. Jana nimempelekea magazeti ya mwezi mzima afungie njugu.