Sikio la Baba Mkwe

Gari langu lilikuwa linatetemeka likisimama, kama mbuzi aliyenyeshewa. Likipanda kilima tunazima redio, tunanyamaza wote, kila mtu anaomba kwa dini yake. Fundi wa kwanza alisikiliza nusu dakika tu, akafuta mikono: "Bosi, hii ni overholi, injini yote ifunguliwe." Akataja pesa ambayo mnada wa Msalato ningerudi nayo nikiswaga ng'ombe.

Nikarudi Nkuhungu nimevimba. Overholi kwa kusikiliza? Hata daktari anapima damu kwanza.

Jumamosi asubuhi nikaazima kwa rafiki geji ya kompresheni, ile inayopima kwa psi nguvu ya kila silinda kubana hewa. Nikachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, nikatoa koili, nikafungua plagi zote nne. Mke wangu ndani, akanyage mafuta mpaka chini na kupiga stata mpaka mshale ugome kupanda. Silinda ya kwanza psi 155, ya pili 158, ya nne 156. Shemeji aliyetoka Dar akacheka, eti injini kama hii kwao inasoma 180. Nikamkumbusha kwamba Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi, asituletee mambo ya Kariakoo.

Ya tatu: 92.

Nikamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, tukapiga stata tena. Kama ni ringi za pistoni zimechoka, oili ingeziba na mshale ungepanda. Ulifika 94. Basi si ringi. Na gasketi ya hedi ikiungua katikati ya silinda mbili, mara nyingi huziangusha zote mbili, lakini majirani wa ya tatu walikuwa wazima. Nikaanza kunusa valvu.

Hapo ndipo Baba Mkwe alipotokea. Alikuwa amefikia kwetu kutoka Kongwa, kanzu nyeupe, koti, fimbo. Saa kumi alitakiwa Chamwino, kwenye kikao cha mahari ya binti yake wa mwisho. "Mwanangu, mnatafuta nini humo?" Nikamweleza kwa adabu: tutapandisha pistoni juu kabisa, valvu zote zimefunga, kisha tutaingiza upepo wa mashine. Ukipulizia kwenye kichujio cha hewa, ni valvu ya kuingiza. Kwenye tundu la oili, ringi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi. Kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea.

"Kwa hiyo kazi ni kusikiliza," akasema. "Kusikiliza naweza." Akaenda nyuma ya gari, akachuchumaa, sikio kwenye bomba. Wewe ungemwambia mkwe wako nini?

Kijana wa pancha akaleta kompresa. Neli niliitengeneza mwenyewe kwa plagi ya zamani niliyoitoboa katikati. Ili kupandisha pistoni niliweka gia ya nne, shemeji akasukuma gari polepole kwenda mbele, mimi kidole tundu la tatu, mpaka hewa ikakisukuma kidole na njiti niliyotumbukiza juu ya pistoni ikakaribia kuacha kupanda. Nasema ikakaribia. Ilibaki kidogo, lakini jua lilikuwa linaunguza nikaona inatosha. Breki ya mkono ilikufa zamani, na ua wetu una mteremko kwa mbele, kwa hiyo mawe nikayaweka mbele ya magurudumu. Mbele tu. Gia ya nne nikaisahau humo humo.

"Fungulia!"

"Nasikia!" Baba Mkwe akaita, furaha tupu. "Linapumua huku kwangu! Fssss!"

Pistoni ya sentimita 7.5 ikipigwa psi 80 inasukumwa kwa uzito wa kilo kama 250. Na kwa kuwa haikuwa imefika juu, ilishuka kwa njia iliyokuwa rahisi: ikazungusha injini kinyumenyume, na gari likarudi nyuma. Shubiri moja tu, wala si zaidi. Na ndani ya shubiri hiyo ndimo alimokuwa mzee.

Alikaa katikati ya beseni la karanga zilizoanikwa. Kijana wa pancha akafunga upepo, akafunga na macho. Nikakimbia: "Baba, pole! Pole sana Baba!" Akainuka taratibu, akajikung'uta karanga, akasema, "Ni valvu ya kutolea." Kisha akaomba maji, akanawa uso na mikono.

Sikio halikunawiwa, kwa sababu hakuliona. Duara jeusi, zuri, la kuchorwa kwa bikari, limezunguka sikio lote la kulia. Mke wangu alimtazama, akaingia jikoni, nikasikia khanga ikizibwa mdomoni. Mimi ni mkwe. Mkwe hamwambii mzee kwamba sikio lake lina masizi, hasa masizi ya gari la mkwe. Saa tisa akapanda daladala na duara lake.

Valvu kweli ilikuwa imeungua ukingoni. Hedi ikafunguliwa wiki iliyofuata, ikawekwa nyingine, ikasagwa na msasa wa mafuta. Overholi nimesahau.

Lakini usiku ule mzee alirudi saa mbili, mchangamfu, akavua koti.

"Nimetaja ng'ombe kumi na wawili," akasema. "Hawakubisha hata mmoja. Upande wote ule umekaa kimya unanitazama tu, mwingine ameinamia meza anatetemeka mabega. Nadhani waliogopa."