Boti Yangu Kuukuu na Ukomo wa Kodi wa Wakubwa

Chanzo ni shemeji yangu. "Shemeji, boti kanunue Delaware, kule kodi hakuna." Kweli Delaware, jimbo la jirani yetu hapa Marekani, haina kodi ya mauzo, hata ununue meli. Tukavuka mpaka, nikamhesabia mzee mmoja dola 9,000 za boti ya faiba ya futi 17 na mashine yake, trela tukapatana pembeni, tukarudi kwetu Maryland tunaimba.

Wiki iliyofuata niko dirishani nasajili boti. Mama wa watu, mpole kabisa, akauliza boti italala wapi. Hapa hapa, nikamwambia. "Basi kodi ni asilimia 5." Dola 450.

Hilo nimelimeza. Kodi haiangalii ulikonunua, inaangalia chombo kinakoishi. Ningekuwa nimelipa kodi Delaware, Maryland ingenipunguzia; sikulipa kitu, kwa hiyo nadaiwa yote. Na usifikiri utajificha nyuma ya namba za jimbo jingine. Sheria ya taifa inataka jimbo unakotumia boti likuvumilie angalau siku 60, si maisha. Trela nalo lina ofisi yake na kodi yake, kama gari. Tuliache.

Kilichonipandisha presha nilikisoma nikiwa bado kwenye foleni: kodi hiyo ina ukomo, ikifika hapo haiongezeki tena. Maryland iliuweka dola 15,000 mwaka 2013, na tangu 2016 unapanda dola 100 kwa mwaka. Mia moja! Maana yake, ukishanunua boti ya dola 300,000 na ushee, kinachozidi hapo ni sadaka. Mwenye boti ya milioni 3 analipa nusu asilimia na chenji. Mimi mwenye kaboti kanakovuja nalipa asilimia 5 nzima, mpaka senti ya mwisho. Tena majimbo wenzao ni mengi. Florida ukomo ni dola 18,000. New Jersey wanatoza nusu ya kiwango cha kawaida, halafu juu yake wameweka ukomo wa 20,000, wasije wakachoka. Rhode Island waliifuta kodi ya boti kabisa mwaka 1993.

Baba yangu alikuwa mvuvi Tanga. Samaki wakishuka ufukweni, mtoza ushuru yupo, na kila tenga lina chake, la kumi kama la kwanza. Sikuwahi kumsikia mtu akimwambia mwenye majahazi matano, "Bwana mkubwa, wewe umeshaleta wengi, yaliyobaki pitisha bure." Angezomewa soko zima. Huku linaandikwa kwenye sheria, na watu wanapita Annapolis, makao makuu ya Maryland, kupiga picha na maboti yenyewe, pale kwenye mfereji ambao wenyeji wameubatiza kichochoro cha majivuno.

Haya, nitasema na la upande wao, kwa shingo upande. Boti ina miguu. Mwaka 2010 seneta John Kerry wa Massachusetts alikuwa na boti ya kama dola milioni 7, akaiegesha Newport, Rhode Island. Magazeti yalipoanza kupiga kelele ndipo akakubali kulipa jimbo lake karibu nusu milioni. Na mwaka 1991 serikali ya taifa ilipoweka kodi ya asilimia 10 kwa thamani inayozidi dola 100,000, matajiri waliacha kununua, mafundi wa viwanda vya boti wakarudishwa nyumbani, na ikafutwa 1993. Nimeelewa. Lakini tajiri akikimbia anabembelezwa. Mimi siwezi kukimbia, nina zamu ya usiku Jumatatu.

Namba za usajili nimeshabandika, pande zote mbili za omo, yaani mbele ya boti, herufi za inchi 3 kama wanavyotaka. Zimekaa upande kidogo. Nilikuwa na hasira.

Jana shemeji kapiga simu tena, sauti juu. Kasikia South Carolina kodi ya boti haizidi dola 500, hata boti iwe ya milioni. Kwa nini hatukwenda huko? Nikamwambia achukue kikokotoo, aandike 9,000, apige asilimia 5 ya South Carolina. Akanyamaza.

"Mia nne na hamsini," akasema.

"Ehee."

"Sasa Jumapili tunakwenda kuvua au hatwendi?"